Ungo wa choroko na akili ya mtoto wa miaka minne

Kaya nyingi za Bariadi, Itilima na Meatu, mkoani Simiyu, haziko karibu na duka la vitu vya kuchezea watoto, na kwa umri wa miaka mitatu hadi mitano wala hazilihitaji. Ungo upo. Choroko na dengu zipo. Udongo mweusi wa mbuga, ule unaong'ang'ania miguu mvua ikinyesha, uko nje ya mlango. Kinachokosekana mara nyingi ni mtu mzima wa kuketi robo saa na mtoto, amuulize jambo, kisha anyamaze asikilize anachojibu.

Ushahidi kwamba robo saa kama hiyo ina uzito ulipatikana Kingston, nchini Jamaika. Katikati ya miaka ya 1980 watafiti wakiongozwa na Sally Grantham-McGregor waliwafuatilia watoto 129 waliodumaa, wenye umri wa miezi 9 hadi 24. Baadhi yao walitembelewa nyumbani na mhudumu wa afya ya jamii kwa saa moja kila wiki, miaka miwili mfululizo. Kazi ya mhudumu ilikuwa kumwonyesha mama namna ya kucheza na kuzungumza na mwanawe, wakitumia vitu vilivyotengenezwa kwa vifaa vya nyumbani. Miaka 20 baadaye, waliotembelewa walikuwa na kipato kikubwa kwa takriban asilimia 25 kuliko wenzao ambao hawakutembelewa.

Sababu iko kichwani. Mtoto anapotimiza miaka mitano, ubongo wake unakaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima. Katika miaka hiyo seli za ubongo hufungamana kwa kasi. Njia zinazotumika mara kwa mara huimarika, zisizotumika hupunguzwa. Mtoto akisema neno akajibiwa, njia ya lugha imetumika. Akipuuzwa siku nzima, haikutumika.

Sasa turudi kwenye ungo. Mama anapochagua choroko, mpe mtoto wa miaka minne fungu lake dogo lililochanganywa na mahindi na dengu, ayatenganishe. Kidole gumba na cha shahada vinavyookota punje moja moja ndivyo vitakavyoshika penseli. Kisha mwambie, "Nipe dengu tatu." Hapa wazazi wengi hushangaa: mtoto aliyeimba moja hadi kumi bila kukwama anakumiminia kiganja kizima. Kukariri namba na kujua wingi ni mambo mawili, na la pili huja taratibu, kwa kushika na kuhesabu vitu halisi. Usimcheke. Hesabuni pamoja, punje moja kwa neno moja. Akizoea, mketishe kando ya wakubwa wanaocheza isolo, yaani bao la Kisukuma, aone jinsi kete zinavyogawanywa shimo kwa shimo.

Udongo nao ni darasa. Akifinyanga ng'ombe, muulize yuko wapi ndama, nani anawachunga, wanakunywa maji lambo gani. Ndiyo hadithi yake ya kwanza aliyoitunga mwenyewe. Na mwache amfinyange ng'ombe mwenye miguu mitano kama amependa. Mtu mzima anayesahihisha kila kitu huua mchezo haraka kuliko mvua.

Kuhusu lugha, zungumza naye kwa ile unayoimudu. Watoto wengi wa Simiyu hulelewa kwa Kisukuma na hukutana na Kiswahili mlangoni mwa darasa, hivyo wazazi wengine hujilazimisha Kiswahili cha kuungaunga nyumbani. Hakuna haja. Msamiati mpana na mazoea ya kusimulia anayoyapata kwa Kisukuma humsaidia kujifunza Kiswahili baadaye. Vitendawili na hadithi za bibi jioni vina kazi kubwa hapo.

Mkoa huu una uzoefu wa kuwaandaa watoto kwa mchezo. Mpango wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na Uingereza kuanzia 2014, uliendesha katika mikoa kadhaa, Simiyu ikiwamo, programu ya utayari wa kuanza shule kwa watoto waliokuwa mbali na madarasa ya awali. Zilikuwa wiki kadhaa za hadithi, nyimbo na michezo, chini ya wasaidizi waliotoka katika jamii zenyewe.

Michezo ya kukimbia isidharauliwe. Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2019 kwamba watoto wa miaka mitatu na minne wapate angalau dakika 180 za kuushughulisha mwili kwa siku. Kombolela hutosheleza sehemu kubwa, na humfundisha mtoto kujizuia: abanwe na hamu ya kuchomoka lakini asubiri wakati wake. Mwalimu wa darasa la awali atakushukuru kwa hilo kuliko kwa herufi zilizokaririshwa kwa fimbo.

Msimu wa pamba, wazazi wakiwa shambani, mlezi mara nyingi ni dada au kaka wa miaka tisa. Basi mfundisheni yeye pia kuuliza na kusubiri jibu.

Tahadhari ni chache lakini nzito. Punje ndogo zisiachwe mbele ya mtoto aliye chini ya miaka mitatu, kwani hukwama kooni au puani. Chupa na makopo ya dawa ya pamba kamwe yasigeuzwe magari wala vyombo vya kupikilishia, hata yakioshwa. Mbegu za pamba zilizotiwa dawa zisitumike kuhesabia. Michezo ya maji, hata ya beseni, ifanyike mtu mzima akiangalia.

Na mchezo hufichua matatizo mapema. Mtoto wa miaka mitatu asiyeunganisha hata maneno mawili, asiyegeuka akiitwa kwa nyuma, au aliyepoteza maneno aliyokuwa akiyasema, apelekwe kliniki akapimwe, usikivu kwanza. Msisubiri afikishe umri wa kuandikishwa shule.