Mstari Mmoja, Hadithi Moja

Kwenye ufukwe wa Ziwa Mweru, upande wa Nchelenge, mchanga hauna siku ya kupumzika. Juu yake huanikwa chisense, wale samaki wadogo wanaolisha Luapula na Katanga. Juu yake huburutwa mitumbwi. Na watoto, hasa kati ya Desemba na mwisho wa Februari uvuvi unapofungwa, huchorachora juu yake lolote linalowajia: vyandarua, nyoka, viduara visivyo na mwisho. Wakubwa hupita wakiikanyaga michoro hiyo.

Nami ningepita tu, kama si michoro ya Paulus Gerdes. Mwanahisabati huyu alizaliwa Uholanzi mwaka 1952, akahamia Msumbiji mwaka 1976, akafundisha walimu huko na kukiongoza Chuo Kikuu cha Ualimu mpaka miaka ya 1990, akafariki mwaka 2014. Katika kazi zake kuna michoro ya miraba myeusi na myeupe aliyoiita Lunda. Alikuwa akiiwazia Lunda ya kaskazini mashariki mwa Angola, nchi ya Wachokwe. Lakini ukilisoma jina hilo ukiwa hapa, akili haiendi Angola. Inakwenda Mofwe, kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda wa huku, ambaye wazee wake walitoka huko huko magharibi kwa Mwata Yamvo, wakavuka Lualaba katika karne ya 18, na kujenga miji yao mmoja baada ya mwingine kandokando ya maji ya Mofwe. Walunda hao walivuka na vyeo vyao, ngoma zao na dansi ya Mutomboko ambayo hadi leo huchezwa Mwansabombwe kila Julai. Je, walivuka pia na ule mchezo wa kuchora mchangani kwa kidole, ulioizaa michoro ya Gerdes?

Mchezo wenyewe Wachokwe huuita sona. Mchoro mmoja ni lusona. Waluchazi wa Kabompo, pembe nyingine kabisa ya Zambia, husema tusona, na mtafiti Gerhard Kubik aliukuta kwao ukiwa bado hai miaka ya 1970. Mchoraji husawazisha mchanga kwa kiganja, kisha kwa ncha za vidole hupiga nukta zilizopangwa kwa safu, nafasi sawa kila upande, bila rula. Ndipo kidole kinaposhuka. Kinaanzia pembeni, kinapita mshazari katikati ya nukta, kikifika nje ya safu kinapinda na kurudi, mshazari tena, kikijikata na kujikata, mpaka kila nukta imezungukwa, nao mstari umerudi ulipoanzia. Kidole hakiinuki. Ukisita, wanaotazama wanaona, na wanacheka.

Gerdes hakuchoka kulirudia hili: mabingwa hawa, akwa kuta sona, walikuwa wakifanya hisabati. Aliuona mchoro huu ukifanana na mkeka, ukili ukipita chini na juu ya mwenzake, na akadai kwamba msusi wa mkeka na mchoraji wa mchangani wanajua jambo moja. Jambo lenyewe unaweza kulijaribu leo na mtoto wako. Piga nukta safu 3 za nukta 4 kila moja. Mstari mmoja unatosha kuzizunguka zote. Sasa jaribu 4 kwa 6. Mstari wa kwanza utarudi nyumbani na kuacha nukta nyingine nusu uchi. Utahitaji wa pili. Kwa 3 kwa 3 utahitaji mistari mitatu. Msomaji aliyepita darasani ataikumbuka KKS, kile kigawo kikubwa cha shirika tulichokariri bila kujua kinatusaidia nini. Ndicho hicho. KKS ya safu na nukta zake ndiyo idadi ya mistari. Bingwa asiyetaka kuinua kidole lazima ajue, kabla ya kuanza, ni mpangilio upi utakaomwaibisha.

Halafu kuna uchawi wa pili, na hapa ndipo nilipopotelea. Chora ule wa 3 kwa 4 kwenye karatasi yenye miraba, nukta moja ikizungukwa na vijimraba vinne, ili uwanja wote uwe na vijimraba 48. Mstari utapita kila kijimraba mara moja tu. Mpe mtoto penseli aufuate mstari kwa subira, akipaka kimoja, akiruka kimoja, akipaka kimoja, akiruka kimoja. Mtoto haoni mpango wowote. Anafuata njia tu. Akimaliza, mwambie ahesabu. Kila mlalo una vyeusi 4 na vyeupe 4. Kila wima una vyeusi 3 na vyeupe 3. Hakuna aliyepanga. Hii ndiyo michoro ya Lunda. Aina nyingine iliyozaliwa na hii Gerdes aliipa jina lililotokana na la binti yake, na aliandika pia kitabu cha watoto kuhusu sona. Mtu wa namna hiyo siwezi kumsoma kwa ubaridi.

Kuchorachora kuna watetezi kwingine pia. Marekani kuna watu, Rick Roberts na Maria Thomas, walioanzisha utaratibu uitwao Zentangle: vikaratasi vidogo, mapambo yanayojirudia, akili itulie. Wanasayansi nao wana lao. Mwaka 2009 Jackie Andrade wa Uingereza alionyesha kwamba watu waliotia rangi maumbo wakisikiliza ujumbe wa simu wa kuchosha walikumbuka asilimia 29 zaidi ya wenzao. Sina ugomvi nao. Ila sona haikuwa ya kunyamazisha kichwa. Mkono ulikwenda ili ulimi useme.

Kwani lusona mara nyingi una hadithi yake. Mmoja una Mungu juu, jua upande mmoja, mwezi upande wa pili, mtu chini. Jua lilikwenda kwa Mungu, likapewa kuku na kuambiwa lirudi asubuhi. Alfajiri kuku akawika, jua likarudi naye, likaambiwa basi utarudi kila siku. Mwezi ukafanya vivyo hivyo, ukapewa kurudi baada ya siku 28. Mtu alipopewa kuku wake, alikuwa na njaa ya safari. Akamla. Akalala hadi jua likapanda. Mungu akamuuliza mbona kuku hakusikika akiwika. Ndiyo maana, wanasema, mtu hufa kama kuku wake, na akifa hurudi kwa Mungu. Haya yote yanasimuliwa kidole kikitembea, na hadithi inatakiwa imalizike pamoja na mstari. Kisha mchoro unafutwa.

Mwaka 2023 UNESCO iliiandikisha sona katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu, kwa jina la Angola. Ni heshima iliyostahili, japo sijui Waluchazi wa Kabompo wajihesabu wapi, wala kitu kilichozaliwa kifutwe kinafanyaje kikishatunzwa.

Kuna gumu zaidi. Wavulana walijifunza michoro hii jandoni, katika mukanda, na ile migumu ilibaki kwa wanaume wachache walioirithisha wazao wao wa kiume. Kwa Wabemba, wanawake walikuwa na yao: mapambo ya ukutani na vinyago vya udongo vya chisungu, unyago ambao Audrey Richards aliushuhudia mwaka 1931 na kuuandikia kitabu mwaka 1956. Nayo yalikuwa na wenyewe, na siri zake. Leo mama wa Kashikishi, hapa ziwani, akikaa mchangani na binti yake wa miaka saba wakapiga nukta 3 kwa 4, anachezea urithi wa nani? Wa wanaume wa mukanda? Wa Walunda, ambao huenda waliuacha ng'ambo ya Lualaba? Gerdes angemwambia aendelee, kwa kuwa hesabu haina jando. Mimi ningependa kwanza kumsikia mzee mmoja wa Kabompo akijibu.