Je, Wajua? Programu Hulala, Mchakato Huishi

Je, wajua kwamba programu iliyomo kwenye kompyuta yako haifanyi lolote mpaka ifunguliwe? Programu ni faili tu, maagizo yaliyotulia kwenye diski, na hata umeme ukikatika yamo. Ikifunguliwa, mfumo endeshi huyapakia maagizo hayo kwenye kumbukumbu, kisha huyapa namba ya utambulisho, eneo lao na zamu ya kutumia prosesa. Hapo umezaliwa mchakato.

Fikiria utenzi ulioandikwa. Karatasini umekaa kimya. Lakini waghani wawili wanaweza kuughani wakati mmoja, huyu yuko ubeti wa 3, yule wa 40, na maandishi ni yale yale. Ndivyo programu moja inavyozaa michakato mingi, kila mmoja na mahali ulipofikia. Kivinjari cha Chrome, kilichotolewa mwaka 2008, kilijengwa hivyo makusudi: ukurasa mmoja ukianguka, nyingine ziendelee.

Katika Unix, mfumo ulioanza Bell Labs, Marekani, mwaka 1969, mchakato huzaliwa kwa njia ya kupendeza mno: mzazi hujinakili, na nakala hupewa namba yake mpya. Katika Linux, mfumo unaofuata mtindo wa Unix, mchakato wa kwanza kabisa nje ya kiini cha mfumo una namba 1.

Basi kitu kikikwama, usikimbilie kufuta programu. Zima mchakato wake, ufungue upya. Programu ingali salama kwenye diski. Kinachopotea ni kazi ambayo hukuihifadhi.