Ukuta Pekee Hauilindi Pwani

Fort Jesus, au Ngomeni kama tunavyoiita wenyewe, ilijengwa na Wareno kati ya mwaka 1593 na 1596. Imeona kuzingirwa na mizinga, lakini tishio kubwa la miaka yetu limetoka chini yake. Jiwe la matumbawe lililobeba ngome ni chokaa. Wakati wa bamvua, maji yanayojaa na kupwa Mombasa hupishana kwa zaidi ya mita 3, na wimbi hupekecha kiuno cha mwamba siku baada ya siku. Sehemu ya juu hubaki ikining'inia kama kibaraza kisicho na nguzo, mpaka siku inapoporomoka.

Ndiyo maana ukuta wa mawe makubwa ulijengwa mbele yake. Ulihitajika. Ngome iliyo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu 2011 haihamishiki. Hata hivyo, tukidhani kila ufuo utaponywa na ukuta, tutapotea. Wimbi likigonga ukuta halifi. Hurudi na mchanga wa chini yake, au huhamishia nguvu zake pale ukuta unapoishia, kwa jirani.

Pwani ina kinga zake kwa mpangilio: mwamba wa matumbawe huvunja wimbi huko nje, nyasi za bahari hushika mchanga, na ndani ya hori mikoko hupokea nguvu iliyosalia. Utafiti umeonyesha kuwa ukanda wa mikoko wenye upana wa mita 100 hupunguza kimo cha wimbi kwa kati ya asilimia 13 na 66.

Lakini mikoko haipandwi ovyo. Mlilana husimama mbele kabisa, ukielekea maji. Nyuma yake hufuata mkoko wenyewe, kisha mkandaa, na mchu hustahimili hata chumvi kali ya nchi kavu. Vikundi vingi hukosea hapa: huokota miche ya mkoko, ile mirefu kama fimbo, kwa kuwa ni rahisi kuchomeka, wakaipanda hata mahali pa mlilana. Baada ya miezi michache mawimbi huing'oa yote.

Mkazi wa Bofu, huko Likoni, asiyeiona bahari kutoka mlangoni pake aweza kudhani haya hayamhusu. Yanamhusu. Mvua ikinyesha Likoni, maji yanayopita mitaani huteremka na udongo na taka hadi baharini. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilitupa funzo hilo katika hori la Mwache: udongo ulioletwa na mto ulifukia mizizi ya kupumulia, na mikoko mingi ikafa ikiwa imesimama. Haikukatwa kwa shoka. Ilikosa pumzi.

Wazee wetu walijua bila vipimo kwamba mti hushika udongo. Kaya Kinondo, kusini mwa Diani, ni msitu uliobaki karibu na ufuo kwa sababu ya miiko ya Wadigo: mti haukatwi. Mwaka 2008 kaya za Mijikenda ziliingia katika Urithi wa Dunia. Mwiko huo ulihifadhi ibada, ukahifadhi na udongo. Huko Gazi, wanakijiji wa mradi wa Mikoko Pamoja wanatunza hekta 117 za mikoko na wameuza hewa ya kaboni, na mapato yamesaidia maji na shule za kijiji. Urithi na riziki vimelindwa na mti mmoja.

Kwa hiyo nawaomba vijana wa Bofu na viongozi wa kaunti: kabla ya kupanda, waulizeni wavuvi wazee mti gani ulikuwa pale na maji yalipita wapi. Kabla ya kujenga ukuta, ulizeni wimbi litakwenda kwa nani. Na kabla ya masika, zoeni taka kwenye mitaro. Mfereji safi wa Bofu ni sehemu ya kinga ya pwani sawa na mawe ya Ngomeni.