UFAFANUZI: SAA KATIKA PROGRAMU YA KUKADIRIA MSAMBAO WA MOSHI

Wanafunzi watafiti wanaokadiria moshi wa kuni wa kambi ya Benaco, Ngara, iliyohifadhi wakimbizi wa Rwanda tangu Aprili 1994 hadi Desemba 1996, wanakumbushwa kurekebisha saa kabla ya kuanza hesabu. Takwimu nyingi za kimataifa za hali ya hewa hufuata saa za Greenwich, zilizo nyuma ya zetu kwa saa 3. Zisiporekebishwa, moto wa saa 12 alfajiri utapewa hewa ya saa 3 asubuhi, jua likiwa limekwisha kuichangamsha, na moshi utaonekana mwepesi kuliko ule waliouvuta wapishi. (Saa za Kiswahili nazo zibadilishwe kwanza.) Aidha, programu ya AERMOD ya Marekani huruka saa zisizo na upepo, ambazo ndizo moshi hutuama, idadi yake itajwe katika ripoti.