Mashine Ijibuyo na Mtu Asikilizaye

Mnamo mwaka 1966, Joseph Weizenbaum wa chuo kikuu cha MIT, Marekani, alitangaza programu ya kompyuta iitwayo ELIZA, iliyoweza kuiga maongezi ya tabibu wa nafsi. Programu hiyo ilitafuta neno kuu katika sentensi ya msemaji, kisha ikamrudishia kwa umbo la swali. Tukitoa mfano kwa Kiswahili, «Mama yangu hanipendi» ingezaa «Kwa nini wasema mama yako hakupendi?» Hapo -ngu imekuwa -ko, na -ni- imekuwa -ku-, maana haikuguswa. Hata hivyo karani wa Weizenbaum, aliyemwona akiiunda kwa miezi mingi, alimwomba atoke chumbani ili aongee nayo faraghani. Jambo hilo lilimshtua, akalisimulia katika kitabu chake cha mwaka 1976.

Modeli kubwa za lugha za leo hazitegemei kanuni chache za namna hiyo: zimefunzwa kwa matini nyingi mno kukisia neno, au kipande cha neno, kifuatacho. Ufasaha umezidi; lakini modeli yaweza kutaja kwa ufasaha uleule kitabu kisichokuwapo. Basi mtafiti ahakiki kila jibu, na mwenye huzuni asikose binadamu wa kumsikiliza.