Usalama wa Abiria Usiuzwe Kama Pambo la Gari

Wahenga walinena kwamba mwenye macho haambiwi tazama. Mnunuzi wa gari jipya, hata hivyo, huambiwa atazame, na aghalabu huonyeshwa hata mahali pa kutazama. Aingiapo katika duka la magari, muuzaji humfungulia mlango, akamketisha kwenye kiti cha ngozi, akamwashia redio, kisha akampeleka kuona rimu zinazong'aa. Ni nadra kumsikia muuzaji akianza maelezo yake kwa breki.

Gari la aina moja, lenye jina moja na umbo moja, huuzwa kwa bei tatu au nne zinazotofautiana. Tofauti hizo ndizo ninazoziita madaraja katika makala haya. Daraja la chini huwa na vitu vya lazima tu. La kati huongezewa starehe kiasi. La juu hujazwa kila kitu. Daraja hutambulishwa kwa herufi au neno lililobandikwa nyuma ya gari. Herufi zenyewe ni mbili au tatu tu, lakini huweza kumgharimu mnunuzi mshahara wa miezi mingi.

Jambo hili linawahusu walimu kwa njia ya pekee. Mwalimu anunuaye gari jipya aghalabu huomba mkopo katika chama cha akiba na mikopo, na deni hilo hukatwa katika mshahara wake mwezi baada ya mwezi kwa miaka kadhaa. Uamuzi wa alasiri moja dukani hulipiwa kwa muda mrefu. Wanafunzi nao ni wanunuzi wa kesho na abiria wa leo. Rai yangu ni kwamba daraja la gari hufunga pamoja mambo matatu ambayo mnunuzi sharti ayatenganishe: uhai, kazi na fahari. Asipoyatenganisha, atalipia fahari akidhani ananunua ubora, au ataukosa ulinzi wa uhai akidhani ameepuka anasa.

Inafaa kwanza tujue madaraja haya yalitoka wapi. Henry Ford alipoanza kuuza gari lake la Model T huko Marekani mwaka wa 1908, nia yake ilikuwa kuwauzia watu wote gari moja la bei nafuu. Kati ya 1914 na 1925 gari hilo liliuzwa kwa rangi nyeusi pekee, na kufikia mwaka wa 1927 lilipoachwa kutengenezwa, magari yapatayo milioni 15 yalikuwa yametoka kiwandani. Mshindani wake, Alfred Sloan, aliyekuwa rais wa kampuni ya General Motors kuanzia 1923, alifuata njia nyingine. Aliyapanga magari ya kampuni yake kama ngazi, chini Chevrolet na juu Cadillac, ili kila mfuko upate gari lake na kila mwenye gari atamani lililo juu ya lake.

Baadaye ngazi hiyo iliingizwa ndani ya gari moja. Mwaka wa 1958 Chevrolet ilileta Impala, na mwanzoni jina hilo lilikuwa la daraja la juu kabisa la gari lililojulikana kama Bel Air. Nchini Uingereza, Ford Cortina mpya ya mwaka wa 1970 ilitolewa kwa madaraja ya kawaida, L, XL, GT na GXL. Makampuni ya huko yalikuwa na desturi ya kuwapa wafanyakazi magari kulingana na vyeo vyao, hivi kwamba herufi za nyuma ya gari zilisomwa kama zisomwavyo nyota zilizo begani mwa askari. Aliyepewa L alijua cheo chake, na jirani yake alikijua pia.

Je, tuseme basi kwamba herufi hizo ni mapambo matupu? La hasha! Wakati mwingine herufi moja huashiria tofauti iliyo kwenye mifupa ya gari. Tutazame mfano wa gari lililokuwa maarufu mno nchini Kenya, Peugeot 504, ambalo liliunganishwa hata humu nchini. Gari hilo lilipozinduliwa Ufaransa mwaka wa 1968, saluni yake ilikuwa na magurudumu ya nyuma ambayo kila moja lilipanda na kushuka peke yake. Mwaka wa 1973 kiwanda kilitoa daraja la bei nafuu zaidi, lililoitwa L. Katika daraja hilo magurudumu ya nyuma yaliunganishwa kwa ekseli moja ngumu iliyokaa juu ya springi. Aliyetazama kwa nje huenda asione tofauti kubwa, ila kwa fundi aliyelala chini ya gari hayo yalikuwa magari mawili.

Na kinyume na atarajiavyo mnunuzi mwenye kupenda makuu, ekseli ngumu haikuwa hasara kwa kila mtu. Stesheni wagoni ya 504, iliyosifika kwa kusafirisha abiria kati ya miji yetu, ilikuwa na ekseli ngumu vilevile. Ekseli ya namna hiyo ni rahisi kutengeneza na huhimili mizigo. Aliyetaka kusafiri kwa utulivu kwenye lami alikuwa na sababu ya kulipia daraja la juu. Aliyebeba magunia kwenye barabara ya changarawe huenda alihudumiwa vyema zaidi na la chini. Hilo ndilo ninaloliita suala la kazi. Daraja bora ni lile linaloafikiana na safari za mwenye gari, na safari hizo anazijua yeye kuliko muuzaji.

Mfano wa siku hizi ni magurudumu. Daraja la juu aghalabu huja na rimu kubwa zaidi, na ili tairi itoshee, ubavu wake hufanywa mfupi. Gari hupendeza na hushika kona vizuri kwenye lami laini. Lakini ubavu mfupi una mpira mchache wa kupokea kishindo. Gari likitumbukia shimoni kwa kasi, rimu huweza kupinda na tairi kupasuka. Mwalimu ambaye shule yake iko kilomita 20 kutoka barabara kuu ana haki ya kuzikataa rimu hizo hata kama angepewa bure.

Sasa tulifikie jambo la kwanza na lililo kuu, yaani uhai. Mnamo Januari 2014 shirika la Global NCAP, linaloyapima magari kwa kuyagongesha makusudi, lilitangaza matokeo ya magari madogo matano yaliyouzwa nchini India. Yaligongeshwa kwa mbele yakiwa katika mwendo wa kilomita 64 kwa saa, na yote yalikuwa ya daraja la chini, lisilo na mifuko ya hewa. Yote matano yalipata nyota sufuri katika kumlinda mtu mzima. Miongoni mwao lilikuwamo Volkswagen Polo. Gari hilohilo lilipopimwa likiwa na mifuko miwili ya hewa, lilipata nyota nne kati ya tano.

Msomaji na atafakari tofauti hiyo. Jina ni lilelile, umbo ni lilelile, na mpita njia asingeweza kutofautisha moja na jingine. Lakini kati ya daraja moja na jingine pana tofauti ya sufuri na nne. Baada ya kipimo hicho, Volkswagen iliacha kuuza nchini India Polo isiyo na mifuko hiyo. Ni haki pia kusema kwamba mfuko wa hewa peke yake hauwezi kuliokoa kila gari. Katika baadhi ya magari yale matano, bodi lenyewe lilikunjika vibaya, na shirika lilieleza kuwa hata mifuko ya hewa isingefaa kitu. Bodi la Polo lilistahimili. Kilichokosekana ni kifaa kilichokuwa kimewekwa kwenye daraja la bei ya juu.

Afrika nayo ilifikiwa. Mwaka wa 2017 shirika hilohilo lilitangaza matokeo ya kwanza ya magari yaliyouzwa barani mwetu, matano yaliyopendwa huko Afrika Kusini. Hakuna lililozidi nyota nne, na moja halikupata hata nyota moja.

Nchi nyingine zimekwisha kuamua kwamba baadhi ya mambo hayafai kupandishwa ngazi hiyo. Marekani ilifanya mifuko ya hewa ya mbele kuwa lazima kwa magari madogo yote yaliyotengenezwa kuanzia Septemba 1997. Mtambo wa kulizuia gari lisiteleze likapoteza mwelekeo ulifanywa lazima huko mwaka wa 2011, na katika Muungano wa Ulaya mwaka wa 2014 kwa magari yote mapya. India yenyewe ililazimisha mfuko wa hewa wa dereva mwaka wa 2019. Katika nchi hizo mnunuzi maskini na mnunuzi tajiri hutofautiana kwa ngozi ya viti. Kwa vifaa hivyo vya uhai hawatofautiani.

Fauka ya hayo, uhai unaolindwa hauko ndani ya gari pekee. Mwaka wa 2023 zaidi ya watu 4,000 walipoteza maisha katika barabara za Kenya, na kundi kubwa zaidi ni watembea kwa miguu. Breki zinazozuia magurudumu yasijifunge humwezesha dereva kukata usukani huku akifunga breki, akamkwepa mtoto aliyejitosa barabarani. Mtoto huyo hakushauriwa wakati daraja la gari lilipochaguliwa. Mwalimu awaonaye wanafunzi wake wakitembea kandokando ya barabara kila asubuhi hahitaji kuelezwa zaidi.

Tugeukie fahari, ambayo sikusudii kuitukana. Mtu aliyefanya kazi kwa bidii ana haki ya kiti laini, redio nzuri na dirisha la paani. Ila na ajue bei yake kamili. Gari liletwapo kutoka nje likiwa zima, ushuru hutozwa kwa kupandana: ushuru wa forodha hutozwa juu ya thamani, ushuru wa bidhaa juu ya jumla hiyo, na ushuru wa thamani ya ziada juu ya vyote. Kwa viwango vya mwaka wa 2023 vya gari lenye injini isiyozidi sentimita za ujazo 1,500, yaani asilimia 35, kisha 20, kisha 16, nyongeza ya Sh100,000 katika thamani hufikia Sh187,920 kabla ya tozo nyingine na faida ya muuzaji. Juu ya hiyo kuna riba ya mkopo. Na siku ya kuliuza gari, mnunuzi wa pili hatarejesha fedha zote zilizotumiwa kwa mapambo, kwa maana mapambo huchakaa na kupitwa na wakati.

Najua wapo watakaonipinga. Watasema kwamba gari la daraja la chini, hata likikosa mifuko ya hewa, ni afadhali kuliko kupanda pikipiki kwenye mvua, na kwamba kulazimisha vifaa ni kumnyima mwenye kipato kidogo nafasi ya kumiliki gari. Hoja hiyo ina uzito, na asiye na mwana aeleke jiwe. Hata hivyo, haijibu swali la msingi. Mara nyingi vifaa vya uhai hufungwa katika kifurushi kimoja na vya fahari, hivi kwamba anayetaka mifuko minne ya ziada ya hewa hulazimika kununua pia rimu, ngozi na taa za mapambo. Ghali ya kifurushi haiwi ushahidi wa ghali ya usalama. Kiwanda kingeweza kuvitenga, na mnunuzi ana haki ya kudai vitengwe.

Nitamshauri nini basi anayejiandaa kununua? Kabla ya kuketi kwenye kiti chochote, aombe kwa maandishi orodha ya vifaa vya kila daraja, kwa kuwa gari lenye jina moja huweza kuwa na vifaa tofauti kutoka nchi moja hadi nyingine. Aulize mifuko ya hewa ni mingapi na iko wapi. Kama breki zisizojifunga na mtambo wa kuzuia kuteleza vimo hata katika daraja la chini. Kama kila kiti, pamoja na kile cha kati cha nyuma, kina mkanda unaopita begani na kiunoni. Aulize pia kama gari lililopewa nyota katika matangazo lina vifaa sawa na hili linalouzwa hapa. Kisha agawe orodha yake mafungu matatu. Fungu la uhai lisipunguzwe. Ikiwa fedha hazitoshi, ni heri achague gari dogo zaidi lililo kamili kuliko kubwa lililopungukiwa. Fungu la kazi alipime kwa barabara na mizigo yake. Fungu la fahari alifikie mwisho, kwa kile kitakachobaki.

Walimu wa hesabu na wa somo la biashara wanaweza kuligeuza zoezi hili kuwa somo darasani. Orodha za madaraja mawili ya gari moja, safu tatu ubaoni na kipindi kimoja vinatosha kuwafunza wanafunzi kusoma kilicho nyuma ya herufi. Watunga sheria wetu nao wana kazi yao, maana si haki kwamba uhai wa abiria utegemee ujanja wa mnunuzi dukani. Anayetamani viti vya ngozi na avinunue. Breki, mikanda na mifuko ya hewa viwe vya kila anayeingia garini, awe amelipa bei ya juu au ya chini.