Doa Lisilosikia

Leo naomba kila mmoja wenu autazame mkono wake, maana twazungumza juu ya ngozi.

Mzee mmoja wa parishi yetu alinijia baada ya ibada, akakunja mkono wa shati na kunionyesha doa lililofifia rangi. "Mchungaji, haliwashi wala haliumi," akasema. Nikamjibu, "Mzee, hilo ndilo linalonitia hofu."

Ngozi si kitu kimoja. Ile ya juu ni nyembamba kama karatasi, nayo haina mshipa hata mmoja wa damu. Ndiyo sababu mwiba waweza kukukwaruza na tone lisitoke. Chini yake huzaliwa chembe mpya, zikasukumwa juu, zikafa, na baada ya mwezi hivi au zaidi zikapukutika kama vumbi. Kwa mkulima, palipo na mpini wa jembe hunenepa pakawa sugu. Humo pia mna chembe za rangi. Idadi yake hukaribiana kwa Mwafrika na kwa Mzungu. Tofauti ni wingi wa rangi zinayotoa. Binadamu tumedharauliana kwa ajili ya karatasi hiyo!

Ngozi yenyewe hasa iko chini. Ukivaa kiatu cha ngozi, umevaa tabaka hilo la ng'ombe: nyuzi ngumu zilizosukana. Kwetu sisi walio hai mna mishipa ya damu, mizizi ya nywele, vifuko vya jasho zaidi ya milioni 2, na mishipa ya fahamu inayotuambia moto huu, baridi hii. Halafu ndipo pana mafuta.

Sasa, kijidudu cha ukoma, alichokiona daktari Hansen wa Norway mwaka 1873, huishambulia mishipa hiyo ya fahamu. Hukua polepole mno, pengine miaka 5 kabla ya dalili. Ukoma hauli vidole, kama watu wasemavyo. Mtu hushika sufuria ya moto asisikie, hukanyaga msumari akaendelea na safari, na kidonda kisichouma hakitunzwi.

Mimi nami nilihubiri miaka mingi kana kwamba ukoma wa Mambo ya Walawi ni huu huu. Sivyo. Neno lile lilitumika kwa magonjwa mengi ya ngozi, hata kwa ukungu wa nguo na kuta za nyumba. Basi tumewabebesha wagonjwa mzigo usio wao.

Mzee yule alikuwa amelificha doa lake miaka 3, akiogopa kutengwa. Hospitalini walimgusa kwa pamba akiwa amefumba macho; hakusikia. Alipewa vidonge vya miezi 6, bila malipo, naye akarudi nyumbani siku ile ile, kwa kuwa aanzaye dawa huacha upesi kuambukiza. Walilala nyumba moja kama zamani, na mkewe ndiye aliyemkumbusha vidonge kila asubuhi.